Mama Hakukataa Kiti cha Mbele

Kila familia yangu inapokutana kumkumbuka mama, kuna maneno lazima yasemwe. Kwamba marehemu alikuwa mwanamke wa mila. Kwamba alikataa kukaa karibu na mkwe wake ndani ya ndege, akang'ang'ania nyuma kabisa, na uzito wake ndio uliovuta mkia. Wanasema kwa upole, kama wanamsifu. Halafu wanatikisa vichwa na kupakua pilau.

Mimi nilikuwamo ndani ya ndege ile. Nilikaa na mama bega kwa bega. Mama hakukataa kiti cha mbele. Alinyimwa. Na waliomnyima nitawataja hapa mmoja mmoja. Majina sitayaandika, maana najua mmoja wao angefurahi kuona jina lake kwenye kitabu, hata kama ni kwa ubaya. Lakini mtu yeyote wa Area D au Makole, pale Dodoma, aliyekuwa na macho miaka ile atawajua.

Wa kwanza ni shemeji yangu, mume wa dada.

Huyu bwana alikuja Dodoma na shirika la umma, ofisa wa magari. Shirika likafa, na yeye alikuwa mmoja wa waliokuwa wamekaa kifuani pake wakilikaba. Magari yakauzwa. Ukidhani wanunuzi walitoka mbali umekosea. Waliouza ndio walionunua. Juzi alikuwa anasaini vibali vya petroli, leo anaitwa mwekezaji. Neno lenyewe lilikuwa jipya, likimcheza mdomoni kama meno ya bandia. Ndiyo enzi ya ruksa hiyo. Kila mtu alikuwa anauza kitu, wengine mitumba, wengine maandazi, yeye aliuza kujuana na watu wa maofisini. Akampata mzungu mmoja mwenye kampuni ya uwindaji. Mzungu ana ndege, shemeji ana marafiki wenye mihuri. Wakawa wabia.

Wageni wa nje wasipokuwepo, ndege ile ndogo ikawa gari la familia. Wenzetu siku za mapumziko walikwenda kusalimia wakwe, sisi tulikwenda porini kwa ndege. Ukisikia inanguruma pale uwanjani, watu wa Makole wanainua vichwa, basi ujue ni sisi tunapita na masufuria. Rangi yake ilikuwa imebanduka, milango inafungwa kwa kubamizwa kama kabati la zamani. Dada alikuwa anapungia mkono watu wa chini. Nani anamwona huko? Lakini anapunga.

Mimi nilikuwa mpishi. Nilimaliza darasa la saba kijijini kwetu, upande wa Mvumi, dada akaja kunichukua akimwambia mama kwamba nakwenda mjini kusoma ushonaji. Cherehani niliyoiona mjini ni ya jirani, dirishani kwake. Mimi nilishona vitunguu na nyanya. Safari za porini nilipelekwa kwa sababu dada hakuweza kuchochea kuni, macho yalimwasha. Alikuwa anakuja porini na zulia, jamani. Zulia, chupa ya chai yenye maua, na nywele zimetiwa dawa zinadondosha mafuta. Akishuka tu anaanza: "Hili vumbi! Sasa kweli watu wanaishi huku?" Kana kwamba yeye alizaliwa kwenye sakafu ya marumaru, si kule kule kwenye tembe la udongo nilimozaliwa mimi.

Na mwindaji wetu sasa. Alikuwa na koti lenye mifuko mingi, hata leo sijui iliwekwa nini zaidi ya pipi za kifua. Kofia pana. Bunduki alikuwa anaibeba kama mtu aliyeshikishwa mtoto asiyemjua. Mnyama alikuwa anapigwa na askari wa wanyamapori, mtu mzima mpole, halafu shemeji anakimbia, ndiyo, anakimbia, kwenda kuweka mguu juu yake apigwe picha. Siku moja alitaka kupiga kanga mwenyewe. Risasi ikapita kwenye dumu letu la maji ya kunywa. Tukamwangalia, maji yanamwagika. Akasema, "Upepo huu." Hakukuwa na upepo hata wa kuzima kiberiti.

Kuvua ndiyo usiseme. Alinunua Dar es Salaam fimbo ya kuvulia yenye gurudumu, na ndoano zenye manyoya mekundu. Anakaa kwenye kiti cha kukunja kando ya dimbwi, miguu juu ya boksi la barafu, asubuhi nzima. Samaki wa kwetu hawajui manyoya mekundu. Mchana anamwita dereva pembeni, dereva anateremka na mto mpaka kwa wavuvi wenye nyavu, anarudi na kambale kwenye gunia. Tukifika Area D anafungua mikono kuwaonyesha majirani urefu wa yule aliyekata mshipi na kutoroka.

Huyo ndiye mwanaume aliyempakia mama yangu kwenye ndege.

Sasa lazima nieleze jambo la kwetu, maana ndilo walilolitumia. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawakai pamoja. Hawali pamoja, hawapishani mlangoni, na wakiwa na la kuambiana wanapitishia kwa mtu wa tatu. Si uadui, ni heshima, na heshima hiyo ina mwisho wake: mwanaume anamletea mama mkwe mbuzi, wazee wanakula, na tangu siku hiyo wanaweza kukaa chumba kimoja wakazungumza kama watu. Mbuzi mmoja. Shemeji alioa, akazaa, akajenga nyumba yenye ukuta, akamwekea mguu kila mnyama mwenye pembe kuanzia Manyoni mpaka Mtera, na mbuzi wa mama hakuonekana. Wazee wakimkumbusha alikuwa anacheka. "Hizo ni mila za kizamani, wazee wangu. Dunia imebadilika." Kwa hiyo mama akija Area D alikuwa anakaa jikoni na mimi, na mwenye nyumba akipita koridoni mama anageukia ukutani. Mkwe mwenyewe wala hakuwa anajua kama amegeukiwa.

Safari yenyewe ilikuwa wakati wa Bunge. Shemeji alikuwa amewaalika waheshimiwa nyumbani kwake kula nyama ya porini, na wengine aliwaahidi nyama kavu ya kupeleka makwao. Kukausha nyama vizuri ni kazi, na aliyeijua ni mama. Dada akatuma gari kijijini. Mama alidhani anaitwa kwa sababu kuna mgonjwa. Alipoambiwa ni nyama akacheka sana, akachukua kisu chake.

Shemeji alitangulia na Land Rover pamoja na bunduki, askari na mahema. Sisi wanawake tukaenda na ndege. Rubani alikuwa kijana wa Arusha, mpole, mwenye adabu. Alimwangalia mama kwa kuchukua vipimo. Mama alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye mwili.

"Shikamoo, mama. Wewe utakaa mbele na mimi."

"Marahaba, baba. Mbele nifanye nini? Mimi sijui kuendesha."

"Unanisaidia kuikalia. Hii ndege ikilemewa nyuma inainua pua."

"Kumbe ni kama mkokoteni."

"Kama mkokoteni kabisa, mama."

Basi mama akakaa mbele. Alifungwa mkanda, akaweka mkoba mapajani, tukapaa. Hakuogopa hata kidogo. Dada aliyezoea alikuwa amefumba macho, mama anauliza maswali.

"Baba, na hiki cha mviringo?"

"Usikiguse hicho, mama."

"Sikigusi, nauliza. Wewe ukizimia hapa nitamwita nani?"

Rubani alicheka mpaka nikaogopa mimi. Mama akaangalia chini, nchi yote ile kavu, akasema kwa sauti, kwa lugha yetu, kwamba hakujua kumbe tunakaa juu ya mgongo wa simba. Nimeyaandika haya makusudi. Mwanamke anayesimuliwa kwamba alikuwa na ushamba wa kukataa kiti cha mbele, alikuwa amekikalia tayari, akakipenda.

Porini tulifanya kazi. Askari aliangusha pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe dume, shemeji akaweka mguu wake, mimi na mama tukachana nyama, tukaipaka chumvi, tukaitandaza juu ya vichanja na moshi wa polepole chini yake. Shemeji akikaribia, mama anaingia nyuma ya hema mikono ina damu. Akishapita, anatoka. Mwanaume hata kukohoa kumjulisha kwamba anakuja hakujisumbua.

Siku ya kuondoka ikawa hivi. Gari lingerudi na mahema kwa barabara, nalo lingefika kesho yake. Wageni walialikwa jioni ile ile. Kwa hiyo shemeji akaamua kurudi na ndege, na nyama yote irudi na ndege: mapaja mawili mabichi ya pofu, magunia ya nyama kavu, na boksi la barafu lenye kambale wa wavuvi. Kiti cha pili cha nyuma kilikuwa kimeng'olewa zamani ili mizigo iingie. Rubani akasimama pale na kofia mkononi.

"Mzee, nusu ya nyama iende na gari. Na mama akae mbele kama tulivyokuja."

Shemeji alikuwa na kamera ya video begani, mpya, kubwa kama tofali. Alitaka kuchukua filamu ndege inavyopaa, waheshimiwa waione kwenye televisheni huku wanatafuna.

"Nyama haiendi na gari," akasema. "Na mbele nakaa mimi. Nitachukuaje picha nikiwa nyuma?"

"Uzito, mzee. Nyuma kutazidi."

Hapo ndipo mila ikamjia, mtu ambaye dunia yake ilikuwa imebadilika. Alimwangalia rubani kwa huruma ya uongo, akasema, "Wewe kijana si wa huku, huelewi. Yule ni mama mkwe wangu. Nitakaaje nyuma yake nikimtazama kisogo njia nzima? Mila haziruhusu. Mama akae nyuma kabisa, ndiyo heshima yake."

Mama alikuwa amesimama upande wa pili wa bawa, ameyasikia yote. Sasa msomaji asikilize, maana huu ndio ushahidi wangu na sina mwingine. Alimwambia dada, kama inavyotakiwa, apeleke maneno:

"Mwambie mume wako mila hiyo ni yangu mimi, na leo naifungua. Angani hakuna mkwe. Anitazame kisogo mpaka achoke, mimi nakaa pale rubani anaposema."

Hivyo ndivyo alivyosema. Kwa Kiswahili, ili rubani naye asikie.

Na hapa namtaja wa pili, dada yangu wa tumbo moja. Alikuwa ndiye mtu wa tatu, ndiye wa kupeleka maneno. Hakuyapeleka. Alitazama saa, akatazama nywele zake kwenye kioo cha dirisha la ndege, akasema, "Mama, usilete ubishi, watu wanasubiri. Panda huku nyuma ukae na mdogo wangu." Akamshika kiwiko akamsukuma taratibu, namna unavyomsukuma mtu mzima asijue anasukumwa. Mama akanitazama mimi, akapanda.

Wa tatu ni rubani. Alijua. Alisema mara moja, ya pili akaikohoa, ya tatu akavaa kofia yake. Mshahara wake ulikuwa unapitia kwa shemeji. Watu wengi wanamwonea huruma, kijana wa watu, alilazimishwa. Mimi simwonei. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Angeutupa tu kwenye majani, tungelala porini tukicheka.

Tukapakiwa. Mbele rubani na shemeji na tofali lake. Katikati dada na kambale. Nyuma mama na mimi, tumebanana kwenye kiti kimoja, na mgongoni kwetu pofu mzima kasoro kichwa na kwato, bila hata kamba. Mama akanishika mkono akasema, "Leo tumekaa na wanyama wenzetu." Ndilo neno la mwisho alilosema, na ni la utani, maana alikuwa hivyo.

Ndege ilikimbia kwenye kile kiwanja cha kukwangua kwa panga, ikachelewa kuondoka ardhini, halafu ikaondoka ghafla, pua juu, juu, tukawa tumelala chali tunatazama mawingu. Nikasikia magunia yanateleza nyuma yetu. Shemeji bado jicho liko kwenye kamera. Kisha ikawa kama mtu amekata uzi. Tulianguka mkia kwanza kwenye miiba ya mwisho wa kiwanja, na ilipopiga chini kwa tumbo, nyama yote ikaja mbele. Mama ndiye aliyekuwa kati yake na wale wa mbele.

Sikuzimia. Ningependa kusema nilizimia. Nyonga yangu ilivunjika na nilikuwa nimebanwa, nikamsikia shemeji amesimama nje, mzima, ana mkwaruzo kwenye pua, anasema: "Kamera! Iko wapi kamera?" Dada analia kwamba anatoka damu, kumbe ni damu ya pofu. Askari ndiye aliyetutoa, na rubani naye akatoka mzima. Mama alikuwa amekwisha.

Tulirudi wote na Land Rover, mimi nimelazwa sakafuni pembeni ya mama aliyefunikwa kwa zulia la dada. Mahema yaliachwa porini ili tupate nafasi. Nyama haikuachwa. Ilifungwa juu ya gari. Na kwa kuwa wageni wa kula hawakuwepo tena, bali kulikuwa na msiba, ililiwa msibani. Mimi nilikuwa hospitali, niliambiwa baadaye na jirani aliyeisifu kwamba ilikuwa laini. Waombolezaji walimla mnyama aliyemuua mama, wakamshukuru mwenye nyumba kwa ukarimu.

Nilipotoka hospitali na magongo, hadithi ilikuwa imeshakauka kama saruji. Mama alikataa mbele. Mama na mila zake. Nilisema sivyo, dada akawaambia wageni, "Mwacheni, aligonga kichwa." Sikugonga kichwa, niligonga nyonga. Nikasema tena mwaka uliofuata, wakaniambia nina uchungu. Mchungaji akanishauri nisamehe. Nimsamehe nani, wakati hakuna aliyekosa isipokuwa marehemu? Nikaondoka Area D, nikaenda Nzuguni wakati bado ni mashamba, nikauza mafuta ya alizeti, nikakaa kimya miaka mingi kwenye vikao vyao. Kilichoniuma si mguu. Kilichoniuma ni mama mdogo, mdogo wake mama wa kumfuata, ambaye kila hadithi ile ikisimuliwa alikuwa anainamisha kichwa kwa aibu. Aliamini dada yake alijiua kwa ushamba.

Juzi juzi wakajenga kaburi kijijini. Shemeji, mzee sasa, tumbo limejaa lakini koti bado lina mifuko, alitoa marumaru na kipaza sauti. Watu wamekaa chini ya turubai, yeye kaletewa kochi. Akasimama, akaanza: "Mama yetu alikuwa mtu wa msimamo. Siku ile nilimsihi kabisa, mama, njoo mbele..."

Alimsihi! Hiyo ilikuwa mpya. Zamani alikuwa anasema tu kwamba alikataa. Miaka imepita, sasa na yeye kasihi.

Nikainuka na gongo langu. "Shemeji, unasema uongo."

Dada akaja mbio. "Wewe, darasa la saba, mambo ya ndege unayajua wewe?"

"Ya ndege siyajui. Aliyosema mama nayajua." Nikayasema yote, rubani, kamera, kisogo, na maneno ya mama kama nilivyoyaandika hapo juu.

Mama mdogo akainua kichwa. "Rudia hapo mwisho."

"Angani hakuna mkwe. Anitazame kisogo mpaka achoke."

Yule mwanamke mzee akacheka. Alicheka machozi yanatoka, anajipiga paja. "Ni yeye! Huyo ni dada yangu! Nani mwingine angesema hivyo?" Halafu akaacha kucheka. Akavuka uwanja mzima, kidogo kidogo, mpaka kwenye kochi, akakaa. Ubavuni kwa shemeji, paja kwa paja. Naye ni mama mkwe wake pia, kwa mila zetu, na watu walishika vinywa.

"Mama mdogo, unafanya nini? Huyo si mkweo?" dada akapiga kelele.

"Namjua. Nimekuja kumtazama usoni." Akamgeukia, hakupitishia kwa mtu. "Haya, mkwe. Dada yangu alisemaje siku ile?"

Shemeji akasogea. Naye akasogea. Shemeji akafika mwisho wa kochi, akatazama kipaza sauti, akatazama watu. Akainuka, akasema gari lake limeachwa juani, akaenda. Dada akamfuata ameshika viatu mkononi.

Mama mdogo hakuwatazama. Akapiga pale palipobaki wazi kwa kiganja, akaniita.

"Njoo ukae. Unisimulie tangu mlipotoka uwanja wa ndege. Usiruke kitu. Alikuwa amevaa nini?"

"Kitenge cha bluu," nikasema. "Na raba za dada, zilikuwa zinambana."